Ripita ya CB katika Bonde la Cumberland: shajara ya mradi, Machi hadi Novemba 2024

Jumamosi, 9 Machi 2024

Leo nimekubali kazi niliyoikwepa mara mbili. Madereva kumi na mmoja tunaokutana kwa chai kila mwisho wa juma hapa Carlisle, Pennsylvania, wengi wao wakiwa wametoka Bukavu na Uvira, wawili Eldoret na mmoja Tanga kama mimi, wanaendesha malori yao wenyewe na kuyaegesha katika yadi moja kando ya barabara kuu ya I-81. Kila lori lina redio ya CB (Citizens Band, bendi ya redio iliyo wazi kwa raia wote), kwa sababu kanuni ya shirikisho iliyoanza kutumika Januari 2012 inamkataza dereva wa lori la biashara kushika simu mkononi akiwa anaendesha, lakini haimkatazi kushika kipaza sauti cha redio. Tatizo lao ni umbali. Kutoka yadini wanasikilizana vizuri kwa kilomita nane hivi, kisha barabara inapopinda nyuma ya vilima sauti inakatika, na dereva anayekaribia hawezi kuambiwa kwamba lango limefungwa au kwamba mzigo wake umehamishiwa ghala jingine.

Mzee wa kikundi aliniwekea hoja kwa namna isiyoacha mlango wa kutokea: "Fundi, kwetu wanasimamisha mnara juu ya mlima, na simu ya upepo inafika bonde zima. Hapa mlima tunao, tena miwili. Kinakosekana nini?" Milima anayoisema ni Blue Mountain upande wa kaskazini na South Mountain upande wa kusini, na kwa mtu aliyekua akiitazama Milima ya Mitumba swali hilo ni la haki kabisa. Anachokitaka ni ripita, yaani kituo kinachopokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha upya kwenye masafa mengine, kikiwa mahali pa juu zaidi ya wote wanaozungumza.

Nimeahidi kujibu maswali mawili kwa mpangilio huu: je, sheria ya Marekani inaruhusu ripita ya CB, na je, hata kama ingeruhusu, ingefanya kazi? Shajara hii naiandika ili jibu likiwa hapana pasiwe na mtu wa kudai kwamba fundi alikuwa mvivu.

Jumapili, 17 Machi

Nimetumia siku mbili kusoma kanuni za FCC, ile tume ya shirikisho inayosimamia mawasiliano. CB imo katika Sehemu ya 95, pamoja na huduma nyingine za redio za watu binafsi. Bendi hii ilifunguliwa 1958 ikiwa na chaneli 23, ikaongezwa hadi 40 kuanzia tarehe 1 Januari 1977, na tangu 1983 hakuna anayehitaji leseni ya mtu mmoja mmoja. Kanuni zenyewe ndizo leseni, na anayezivunja anakuwa amejivua leseni hiyo. Uraia si sharti, jambo lililowafurahisha baadhi ya ndugu zetu ambao karatasi zao bado ziko njiani.

Chaneli zinaanzia megahezi 26.965 na kuishia 27.405. Nguvu inayoruhusiwa ni wati 4 kwa AM, na kwa mfumo wa ukanda mmoja ni wati 12 za kilele. FM nayo imeruhusiwa tangu 2021, kwa wati 4 vilevile. Antena haitakiwi kuzidi mita 18.3 kutoka ardhini, au mita 6.1 juu ya jengo au mti inakofungwa. Vikuza mawimbi vya nje vimepigwa marufuku. Mazungumzo yasizidi dakika tano, kisha inapaswa kupita dakika moja ya ukimya kabla ya kurudi hewani. Hakuna chaneli yenye mwenyewe. Hata ya 19, ambayo malori yameifanya yao nchi nzima, ni ya wote, na chaneli ya 9 imetengwa kwa dharura na msaada wa wasafiri.

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna katazo la kuzungumza na mtu aliye mbali zaidi ya maili 155.3, na watu wengi bado wanalirudia. Liliondolewa katika marekebisho makubwa ya 2017. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi habari za CB zinavyoishi miaka mingi baada ya kufa kwake, na ndiyo maana sitaki kutegemea masimulizi ya barazani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba sikukuta sentensi moja fupi isemayo "ripita za CB ni marufuku". Katazo limefumwa kwa nyuzi kadhaa, na nitazifuata moja moja nikiwa na akili iliyopumzika.

Jumamosi, 30 Machi

Uzi wa kwanza ni tafsiri yenyewe. Kanuni za jumla za Sehemu ya 95 zinaieleza ripita kuwa kituo kinachorusha upya, kwa wakati uleule na kwenye chaneli tofauti, matangazo ya kituo kingine. Huduma nyingine ya Sehemu hiyohiyo, inayoitwa GMRS, imepewa ruhusa ya wazi ya kuwa na vituo vya aina hiyo, lakini sura ya CB haitoi ruhusa yoyote.

Uzi wa pili ndio unaokaza fundo. Kifungu cha 95.347 kinasema kwamba hakuna mtu atakayeendesha kituo kwa kujiendesha chenyewe, isipokuwa pale kanuni za huduma husika zinaporuhusu. Ripita iliyofungwa juu ya mlima, inayofunguka kila inaposikia wimbi na kufunga wimbi likitoweka, bila mkono wa mtu, haiwezi kuitwa kitu kingine. Sura ya CB haina ruhusa hiyo, kwa hiyo katazo la jumla linasimama.

Uzi wa tatu unaziba dirisha ambalo fundi yeyote angelijaribu, la kusema kwamba mtu yupo, ila anaongoza kituo akiwa mbali. Kifungu cha 95.345 kinakataza uendeshaji wa mbali kwa ujumla, na cha 95.945 kinaifungulia CB mwanya mwembamba: inaruhusiwa kwa waya tu, na baada ya kupata idhini mahususi ya FCC kwa kueleza kwa nini unahitaji. Kuongoza kituo cha CB kwa mawimbi ya redio hakuruhusiwi.

Hukumu yangu hadi hapa ni kwamba kisheria jibu ni hapana, na si hapana ya kubahatisha. Hata hivyo nimemwomba mzee aniruhusu niendelee na swali la pili, kwa sababu ombi la idhini au la kubadilisha kanuni huwa na uzito pale tu mwombaji anapoweza kuonyesha kwamba kitu anachokitaka kingefanya kazi. Kila jaribio nitakalolifanya litakuwa ama kwenye mzigo bandia, pasipo kitu kutoka hewani, ama kwa redio za kawaida zenye mtu mbele yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Swali la leo lilikuwa rahisi kiasi cha aibu, na nadhani ndilo lililoua mradi kabla desibeli hazijaingia. Ripita inahitaji chaneli mbili: mtumiaji anasema kwenye moja na kusikiliza kwenye nyingine. Redio ya CB iliyothibitishwa kwa mujibu wa kanuni husema na kusikiliza kwenye chaneli ileile. Simu za upepo za polisi na za kampuni zina kumbukumbu inayohifadhi masafa ya kusema na ya kusikiliza kando kando. CB haina, na kuifungua ili kuipa uwezo huo ni kuifanya redio isiyothibitishwa tena, na kuitumia redio ya namna hiyo ni kosa linalojitegemea.

Kuna ujanja mmoja ambao lazima niukiri kuwa ni mzuri. Kwenye redio zetu nyingi kitasa cha chaneli huzunguka bila kikomo, hivyo chaneli ya 1 na ya 40 zimepakana: mgeuko mmoja tu, "tiki", na umeruka bendi nzima ya kilohezi 440. Basi dereva angesema kwenye chaneli ya 1, akageuza tiki moja, akasikiliza kwenye ya 40. Nikawaweka vijana wawili wa Eldoret yadini, malori yamezimwa, nikiwa katikati na redio mbili nikijifanya ripita kwa kusikiliza ya 1 na kuyarudia maneno yao kwa mdomo kwenye ya 40.

Tulidumu dakika kumi na mbili. Mmoja alisahau kurudi kwenye ya 1 mara sita, akawa anasema moja kwa moja na mwenzake kwenye ya 40 bila kujua kwamba ameniruka. Mwingine alitangulia kugeuza kabla hajaachia kitufe, na neno la mwisho likakatika kila mara. Haya yote wakiwa wameegesha. Nilipowauliza kama wangeweza kuifanya kazi hiyo usiku, kwenye mvua, wakiwa na tani za mzigo nyuma, yule mkubwa alinijibu kwa heshima ambayo ilikuwa kali kuliko tusi: "Kaka, afadhali tukose kusikia."

Jumamosi, 27 Aprili

Naendelea na kazi ya mezani, kwa kuwa niliahidi. Tatizo kuu la ripita yoyote ni kwamba inapaswa kusikia mnong'ono huku yenyewe ikipiga kelele. Wati 4 ni desibeli 36 juu ya miliwati moja. Wimbi la maikrovolti moja, ambalo redio hizi hulisikia bila shida, liko desibeli 107 chini ya miliwati hiyohiyo. Kati ya kinachorushwa na kinachopaswa kusikiwa pana pengo la desibeli 143, na masafa yenyewe yanatenganishwa na kilohezi 440 tu.

Nimefunga jenereta mbili za mawimbi kwenye kipokezi kimoja, moja ikitoa sauti dhaifu kwenye chaneli ya 1 na nyingine wimbi tupu kwenye ya 40, kisha nikaongeza nguvu ya hilo la pili polepole. Kipokezi kilianza kuwa kiziwi lilipofika karibu desibeli 30 chini ya miliwati. Maana yake ni kwamba, ili wati 4 zisikizibe kipokezi, nahitaji utengano wa desibeli 66 kwa uchache, na kwa kuacha nafasi ya usalama naandika 75. Mvumo ambao kirushio chenyewe hutupa pembeni, hadi kwenye masafa ya kupokea, unahitaji utengano pia, lakini kwa redio niliyoipima si ndio unaotawala.

Njia ya kawaida ya kupata utengano huo kwa antena moja ni dupleksa, yaani seti ya mitungi ya chuma inayopitisha masafa mamoja na kuyazuia mengine. Urefu wa ndani wa mtungi wa aina hiyo hukaribia robo ya wimbi. Kwenye masafa ya megahezi 465 robo ya wimbi ni sentimita 16, na mitungi sita hukaa kwenye kisanduku unachokibeba kwapani. Kwenye megahezi 27 robo ya wimbi ni mita 2.75. Nilichora mtungi mmoja kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, nikausimamisha kwa mawazo, nikaona kwamba ungegusa dari, na ningehitaji kadhaa.

Hapa kuna jambo linalowakosea wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Husemwa kwamba bendi ya CB ni nyembamba mno kwa dupleksa. Ukilinganisha kwa asilimia si kweli: kilohezi 440 ni takriban asilimia 1.6 ya masafa ya CB, ilhali ripita za GMRS hutenganisha kwa megahezi 5 tu, ambazo ni kama asilimia 1.1 ya masafa yao. Mtungi mzuri wa mita 2.75 ungeweza kuchuja. Kinachoshinda ni ukubwa, uzito na bei.

Jumamosi, 11 Mei

Kwa wiki mbili niliacha kipokezi kwenye chaneli ya 1 kikirekodi kila skwelchi ilipofunguka, kwa sababu nilitaka kujua ripita ingeamshwa na nani. Skwelchi ni ule mlango unaonyamazisha mvumo hadi wimbi lenye nguvu litokee, na ripita ya AM isiyo na ufunguo wa toni ingetegemea mlango huo peke yake.

Jibu ni kwamba ingeamshwa na dunia nzima. Jua liko karibu na kilele cha mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja, na kuanzia asubuhi hadi jioni tabaka la ionosfia linarudisha chini mawimbi ya megahezi 27 kutoka mbali sana. Nimerekodi Kihispania, lafudhi za kusini mwa Marekani, na filimbi ndefu zisizo na maneno, ambazo hutokea mawimbi mawili ya AM yanapokutana kwenye chaneli moja na kutofautiana kidogo. Redio za FM humsikiliza mwenye nguvu na kumfukia dhaifu. AM huwachanganya wote wawili na kuongeza filimbi juu yao. Ripita ya AM ingepokea uji huo na kuumwaga upya bondeni, mchana kutwa, kwenye chaneli ambayo jirani mwingine ana haki nayo sawasawa na yetu.

Jana usiku ikaja tufani ya sumaku ya jua ya daraja la G5, la juu kabisa katika kipimo cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, na la kwanza tangu Oktoba 2003. Watu walitoka nje kupiga picha anga jekundu hapa Pennsylvania. Mimi nilibaki na kinasa changu, na leo mchana chaneli ya 1 imekuwa kimya kama msikiti baada ya Isha. Kwa mara ya kwanza nimesikia jinsi bonde letu lingekuwa lenyewe, bila wageni wa angani: lori moja moja, na mvumo wa nyaya za umeme. Ukimya huu si wa kudumu, na siwezi kujenga ripita inayotegemea tufani.

Jumamosi, 1 Juni

Kama antena moja haiwezekani, mafundi wa masafa haya hutumia sehemu mbili: kipokezi mahali pamoja, kirushio mahali pengine, na umbali wa ardhi ndio unaokuwa kichujio. Wapenzi wa redio wenye leseni, ambao wanaruhusiwa ripita kwenye bendi ya mita 10 kati ya megahezi 29.5 na 29.7 kwa tofauti ya kilohezi 100 tu, hulazimika kufanya hivyo mara nyingi.

Wakulima wawili, wenye vihenge vya nafaka vinavyotazamana kwa umbali wa kilomita 3.2 kwenye mteremko wa Blue Mountain, walituruhusu kufunga antena za muda, kila moja ikiwa mita tano juu ya kihenge chake, chini ya kikomo cha mita 6.1. Katika nafasi tupu wimbi la megahezi 27 hupoteza desibeli 71 kwa umbali huo. Ardhi, miti na mabonde madogo huongeza. Mimi nilikaa kwenye kihenge cha magharibi nikisema kwenye chaneli ya 40 kwa wati 4 kamili, kwa vipindi vifupi, na ndugu wa Tanga akakaa kwenye kile cha mashariki akisikiliza chaneli ya 1, ambako lori lililokuwa likielekea Newville lilikuwa likihesabu namba. Pande zote kulikuwa na mtu na kitufe, kwa hiyo hatukuvunja kanuni yoyote.

Hesabu za lori hazikuyumba nilipobonyeza. Hata alipomsogeza dereva mbali hadi sauti yake ikawa karibu kuzama, kubonyeza kwangu hakukumzamisha. Naandika bila kuficha furaha: kiufundi, ripita ya CB ya sehemu mbili katika bonde hili ingefanya kazi.

Isipokuwa kwamba vihenge viwili lazima viunganishwe, kwa kuwa sauti iliyopokelewa mashariki inapaswa kufika magharibi. Kiungo cha redio kimekatazwa. Kiungo cha waya kinahitaji idhini, na ni kilomita 3.2 za kebo kupita mashamba ya watu wengine watatu na barabara ya kaunti. Na mwisho wa gharama hiyo yote, dereva bado angekuwa anageuza kitasa, tiki, tiki, usiku kwenye mvua.

Jumamosi, 22 Juni

Mzee aliuliza kuhusu "kasuku", kile kifaa kidogo kinachorekodi sauti ya sekunde kadhaa na kuirudia kwenye chaneli ileile mara msemaji anapoachia kitufe. Kinatatua tatizo la kitasa, kwa sababu redio ya kawaida inatosha, na kinaondoa hitaji la utengano, kwa sababu hakisemi na kusikiliza kwa wakati mmoja. Tena, kwa kuwa hakirushi papo hapo wala hakibadilishi chaneli, hakiingii katika tafsiri ya ripita. Nilielewa kwa nini jicho lake lilimeta.

Lakini kinaanguka kwenye uzi wa pili, ule wa kujiendesha chenyewe, kama kilivyoanguka kile kikubwa. Nilikiunganisha na mzigo bandia mezani ili aone pia upande wa vitendo: maneno ya sekunde ishirini yanakula sekunde arobaini za hewa, anayesikia chanzo na kasuku husikia kila kitu mara mbili, na mgeni wa kutoka mbali akiingia katikati kasuku humrudia naye. Baada ya robo saa mzee mwenyewe alinyoosha mkono akakizima.

Namna moja ya ripita ya CB iliyo halali kabisa ni mtu aliyekaa mahali pa juu na kurudia ujumbe kwa mdomo wake, kwa kufuata kanuni ya dakika tano na dakika moja ya ukimya. Shemeji wa mmoja wa madereva alijitolea kwa Jumamosi moja. Hakurudi Jumamosi ya pili.

Jumamosi, 20 Julai

Kikao cha maamuzi. Niliwaeleza kwamba ombi la kubadilisha kanuni linaweza kuandikwa na mtu yeyote, lakini siwezi kuliandika kwa moyo mmoja, kwa sababu hata likikubaliwa redio zilizoko kwenye malori zisingeweza kutumia kitakachoruhusiwa. Mtu angelazimika kununua redio nyingine, na kama ni kununua redio nyingine, ziko huduma ambazo ripita ni halali tayari.

FRS na MURS, huduma nyingine mbili za redio za watu binafsi, tuliziondoa haraka. Zote mbili hazihitaji leseni na zote mbili zinakataza ripita. Redio ya wapenzi ina ripita za kila aina, lakini haitumiki kwa biashara ya kumwingizia mtu fedha, na ile ya mita 10 inahitaji leseni ya daraja la pili, General, yenye mtihani wake.

Ikabaki GMRS, ambayo ni ndugu wa CB wa baba mmoja: ilitokana na lile daraja A la redio za raia kwenye masafa ya megahezi 460. Ina jozi nane za ripita, kupokea kwenye megahezi 467 na kurusha kwenye 462, kwa nguvu isiyozidi wati 50. Haina mtihani. Leseni ni ya mtu mwenye miaka 18 na zaidi, si ya kampuni, inadumu miaka 10, inafunika familia yake ya karibu, na ada yake tangu Aprili 2022 ni dola 35. Mazungumzo yanaweza kuwa ya binafsi au ya shughuli za kazi. Asiyeruhusiwa kwa upande wa utaifa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Kijana mmoja alisema kwamba serikali zetu hazijawahi kumtuma popote, na kikao kikavunjika kwa kicheko kabla ya kupiga kura. Leseni kumi na moja ni dola 385. Wamekubali.

CB zinabaki kwenye malori kwa ajili ya chaneli ya 19, kwa sababu foleni na ajali bado hutangazwa huko.

Jumamosi, 7 Septemba

Ripita imefungwa kwenye kihenge cha mashariki, chenye mita 24. Nilinunua iliyothibitishwa kwa GMRS, ingawa za bei nafuu zilizothibitishwa kwa huduma nyingine zimejaa sokoni; baada ya miezi sita ya kusoma kanuni ningejiona mnafiki. Dupleksa yake ina mitungi sita na ni fupi kuliko mkono wangu. Niliiweka juu ya ule mchoro wa chaki, ambao bado uko sakafuni, nikaitazama kwa muda.

Tulisikiliza jozi zote nane kwa siku kumi kabla ya kuchagua, kwa kuwa hizi nazo si mali ya mtu. Toni ya kufungulia imewekwa, na tumepunguza nguvu hadi wati 25. Kuunganisha ripita hii na nyingine kupitia intaneti, ombi lililotolewa na dereva ambaye mke wake yuko Erie, nimelikataa: kanuni ya GMRS inaruhusu kuunganisha ripita na mtandao kwa ajili ya kuiongoza kutoka mbali tu, si kusafirisha mazungumzo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hesabu ya upeo wa macho ya redio, kwa kihenge cha mita 24 na antena ya lori ya mita 3, hutoa kilomita 27, na mteremko unaongeza kidogo upande wa kusini. Barabarani tumepata karibu hivyo. Kuelekea magharibi sauti ni safi kupita Newville na inaanza kuchakaa kabla ya Shippensburg. Kuelekea mashariki inadumu hadi karibu na Harrisburg, isipokuwa mahali pamoja penye ukuta wa mwamba ambapo inapotea kwa sekunde tano na kurudi.

Kinachowasumbua si umbali, ni utambulisho. Wanaweza kuzungumza Kiswahili watakavyo, lakini alama ya wito, yaani kitambulisho anachopewa mwenye leseni, lazima itajwe kwa Kiingereza au kwa Morse mwishoni mwa mazungumzo, na kila dakika kumi na tano yanapokuwa marefu. Ripita husamehewa kujitambulisha yenyewe pale tu inapopitisha vituo vya leseni ileile inayoiendesha, navyo vikijitambulisha ipasavyo; yetu inapitisha watu wa leseni tofauti, kwa hiyo nayo lazima itaje alama yake. Nimeandika alama ya kila mmoja kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo cha lori lake.

Jumamosi, 16 Novemba

Wiki hii mvua iliganda juu ya antena na uwiano wa wimbi linalorudi ukapanda kutoka 1.3 hadi 2.1, ukashuka barafu ilipoyeyuka. Nitaongeza kifuniko kabla ya Desemba. Betri ya akiba ilibeba ripita kwa saa tisa umeme ulipokatika Jumanne, pungufu ya saa kumi na mbili nilizozikadiria, kwa sababu baridi hupunguza uwezo wake na sikuwa nimeihesabu.

Jana usiku nilikuwa karakanani nikasikia mzee akimwelekeza kijana aliyekuwa akitoka Harrisburg kwamba asipite lango la kaskazini, azunguke kwa nyuma, na kwamba chai ipo. Alipomaliza alinyamaza kidogo, nikasikia karatasi ikikunjuliwa, kisha akaisoma alama yake ya wito kwa Kiingereza, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayehesabu fedha za watu. Redio yake ya CB nayo ilikuwa wazi nyuma yake, chaneli ya 19, na mtu wa mbali alikuwa akiimba.